Turubai la Msiba Juu ya Kenchi

Paa la nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, lilikuwa na umri mkubwa kuliko karibu wote waliokuwa wakilijadili. Babu alilipandisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati vita vya Korea vilipoipaisha bei ya mkonge na fedha ikamwagika kidogo hata kwa makarani wa mashamba. Ni nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Juu boriti za mikoko, na juu ya boriti mabati ya mgongo ambayo hewa ya chumvi ilikuwa imeyatafuna taratibu mpaka ikabaki kutu iliyoshikana kwa mazoea tu. Shangazi, anayeishi humo, alikuwa na ramani ya mvua kichwani: sufuria hapa, ndoo pale, beseni chini ya picha ya Babu. Wageni walionyeshwa pa kukaa kulingana na msimu.

Ukoo ukaunda kundi la WhatsApp la ujenzi. Binamu aliyeko Muscat akataka paa la kuficha, kuta zipande mpaka bati lisionekane. Wa Dar es Salaam wakataka bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee. Mwingine akatuma picha ya nyumba ya vigae iliyozungukwa na theluji, akaandika "tufikirie na hii". Shangazi hana WhatsApp, ana simu ya kitochi, kwa hiyo maoni yake niliyapeleka mimi: "Waambie paa hulificha mwenye kulionea haya. Liwe bati la mgongo lile lile, nene, mvua ikinyesha niisikie." Picha zikaendelea kumiminika. Kila mtu alichanga maoni. Fedha ilikuja kwa matone, na kila tone lilitanguliwa na maelezo kwamba mtandao unasumbua.

Hata hivyo kazi ilianza. Kuta zilizochoka zikabomolewa na kuinuliwa kwa tofali, juu yake ukamwagwa mkanda wa zege kuzunguka nyumba nzima, na nondo zikaachwa zimechomoza ili zije kukunjwa juu ya mbao na kuzishika siku kusi atakapovuma kwa hasira. Uani likachimbwa shimo jipya la choo. Shimo hilo lilichimbwa wiki moja kabla ya kuezua paa. Naomba msomaji alikumbuke, maana mimi lilikuja kunitoa jasho.

Fundi wetu wa kupaua alikuwa mzee mfupi kutoka Muheza, mwenye penseli sikioni na maneno machache. Mbao aliziagiza mwenyewe, msonobari wa Mufindi uliotiwa dawa, ule wa rangi ya kijani ambao mchwa huunusa na kupita. Kenchi, yale mapembetatu ya mbao yanayobeba paa, ni inchi mbili kwa nne, akasema, futi nne kutoka moja hadi nyingine. Juu yake papi za mbili kwa mbili. Juu ya papi bati. Msumari wa bati hupigiliwa kwenye mgongo, haupigiliwi bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni na mpira wa msumari hauishi milele. Bati la kwanza huanzia upande upepo unakoelekea, ili maungio yote yaupe upepo kisogo. Nilimuuliza kama geji 30 itatosha. Akaniangalia kwa huruma. Geji 28 ndiyo nene. Namba ikishuka unene unapanda, na bei huufuata unene. Nikapiga hesabu ya michango iliyokuwepo. Ikasema 30, tena kwa kubembeleza.

Kikwazo kikubwa hakikuwa bati. Kikwazo kilikuwa Shangazi, ambaye alikataa kuondoka ndani ya nyumba. "Miye nimeingia humu nikiwa tumboni," alisema, "paa likitoka nitalitazama likitoka." Akaweka kiti ukumbini. Mafundi wakang'oa mabati juu yake, kutu ikimnyeshea kwenye kanga, na kila bati liliposhuka aliliaga kwa kutaja mwaka lilipoanza kuvuja. Jioni nyumba ilikuwa wazi kabisa. Tukadhani sasa atakubali kwenda kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa ameshamtandikia chumba. Wapi! Akatandika kitanda chake chini ya nyota.

Usiku ule hakuna aliyelala. Saa tano aliita kwamba kuna popo. Saa saba kwamba umande unamwingia masikioni. Saa tisa kwamba mwezi unammulika usoni, uzibwe. Alfajiri, mwenyewe kachoka, usingizi ukamchukua hapo hapo kitandani, na fundi akasema: sasa. Tukakinyanyua kitanda na yeye juu yake, mimi, fundi, kijana msaidizi na muuza maji aliyekuwa akipita, tukavuka barabara taratibu, tukamweka chumbani kwa jirani. Hakufungua hata jicho. Simu yake ikabaki kwa yule kijana, kwa sababu ndiye aliyekuwa na chaja.

Asubuhi kenchi zikaanza kuungwa. Uani kulikuwa na shimo na kifusi, kwa hiyo zikaundwa barabarani, mbele ya nyumba. Misumeno ikalia, vumbi la mbao likatanda, na Ngamiani ikapita kwa baiskeli ikisalimia. Kenchi mbili za mwanzo zilipandishwa kwa kamba ya katani, moja kila mwisho wa nyumba, fundi akafunga uzi kati ya vilele vyake ili nyingine zote zifuate mstari huo. Nyingine chache zikasimama. Ilikuwa inapendeza. Ndipo upande wa bahari kukawa kweusi. Novemba Tanga, vuli haibishi hodi.

Ndani kulikuwa na kabati la Babu, kochi, godoro na masanduku ya Shangazi ambayo hakuna aliyethubutu kuyafungua, sembuse kuyahamisha. Fundi akasema tafuta turubai. Turubai kubwa la kufunika nyumba nzima mtaani kwetu lilikuwa moja tu, la chama cha kuzikana. Nikamkimbilia kijana wa stoo. Hakuniuliza kitu. Aliniangalia nilivyotapakaa vumbi, macho mekundu kwa kukesha, akanipa pole, nikaipokea. Ndani ya muda mfupi likafika turubai kwa mkokoteni, na pamoja nalo mabenchi, majamvi, birika mbili na lile sufuria la kupikia watu mia. Nikamwambia nimeomba turubai tu. Akasema haijatokea mtu akaazima turubai peke yake, vyote hutoka pamoja na hurudi pamoja, ndivyo daftari linavyotaka. Kisha akaniuliza kwa upole, "Na jeneza?" Nikasema hilo hatulihitaji. "Mtatumia la msikitini," akajijibu, akaondoka na mkokoteni wake.

Mabenchi fundi aliyafurahia. Aliyapachika juu ya boriti za zamani, akapata jukwaa zuri la kusimama ndani. Turubai tukalivuta juu ya kenchi, tukalifunga kwenye nondo. Lilikuwa na maandishi meupe, makubwa, CHAMA CHA KUZIKANA, na kwa jinsi lilivyolala, maandishi yalielekea barabarani, yakasomeka vizuri kutoka msikitini hadi sokoni.

Hapo ndipo simu ya Shangazi ilipolia.

Mazungumzo haya sikuyasikia. Nayanukuu kama kijana alivyoyarudia baadaye mbele ya wazee, akiwa amesimamishwa katikati ya ukumbi na anatetemeka. Aliyepiga alikuwa mdogo wake Shangazi, anayekaa Pangani. Kijana alikuwa juu ya ngazi na misumari mdomoni, ikabidi aongee kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sauti ya huzuni asiyokuwa nayo.

"Dada?"

"Siye, mama. Miye kijana wa fundi."

"Dada yuko wapi?"

"Bibi tumeshamtoa."

"Mmemtoa?"

"Ee. Usiku alisumbua sana, lakini alfajiri akatulia. Tukambeba na kitanda chake."

Kimya. Kisha: "Mbona hatukuambiwa?"

"Mambo yalikwenda haraka, mama. Tunawahi mvua. Mbao zimeshakatwa, saa hizi tunafunika tu."

"Na shimo?"

Maana mama yule aliuliza la kaburi, na kijana akajibu la choo. "Shimo lilichimbwa tangu wiki iliyopita," akasema, na simu ikakatika kwa kelele.

Mvua ikapiga kwa nguvu, ikapita, jua likatoka. Maji yalikuwa yametuama kwenye turubai kati ya kenchi na kenchi, likaning'inia kama kiwele cha ng'ombe wa maziwa. Fundi akasema tusiliguse, atalimwaga kwa nje, kidogo kidogo, akimaliza kufunga kona. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mkanda wa zege, mguu mmoja ndani ya nyumba, mwingine nje, nikishika kamba.

Mama mmoja wa mtaa wa pili akasimama chini yangu, kanga kichwani.

"Pole sana, mwanangu."

Tangu asubuhi kila mpita njia alikuwa ananipa pole, na mtu mwenye nyumba isiyo na paa huipokea bila kuichunguza. "Tumeshapoa, mama. Ndiyo dunia."

"Mtamaliza lini?"

"Mungu akipenda leo leo, kabla ya magharibi."

"Vyema. Haifai kuchelewesha."

"Haifai kabisa," nikasema, nikiwa na mawazo ya mbao. "Ikilowa tena itavimba, na ikivimba haiingii."

Akajifunika uso kwa kanga, akaingia uani. Nikamwona mwanamke mwenye moyo wa huruma kuliko kawaida.

Nyuma yake wakaja wawili. Kisha wanne. Kisha wanaume wenye kofia na kanzu wakaanza kukaa barazani. Nikafikiri watu wa Ngamiani wamekuja kutazama kenchi, jambo ambalo si la ajabu, maana Tanga mtu akichimba shimo la nguzo hupata watazamaji. Majamvi yakatandikwa na mtu ambaye mimi sikumtuma. Harufu ya ubani ikapanda mpaka nilipokaa. Kisha vijana wawili wakaingia ndani kwa heshima, wakayaona mabenchi, wakaona wazee wamekaa chini, wakayabeba. Mmoja baada ya mwingine. Fundi alikuwa amesimama juu ya la mwisho, mikono imeshika kenchi, kichwa kimeingia ndani ya turubai. Akahisi linaondoka chini ya miguu yake. Hakupata muda wa kuuliza. Alibaki ananing'inia, penseli imeanguka, akiita jina la kijana wake, na wale waliobeba benchi wakaambiana kwamba yule mzee msiba umemwingia vibaya, aachwe alie.

Baba Mdogo akafika kutoka kazini bandarini, hajavua hata kofia ngumu. Akasukuma watu, akasimama chini ya mguu wangu, macho yamejaa machozi na ghadhabu.

"Ni kweli shimo limechimbwa wiki iliyopita?"

"Ni kweli, Baba Mdogo."

"Kabla?"

"Kabla, ndiyo. Tulijua tu litahitajika."

"Mlijuaje?"

"Si ndiyo mpango? Fundi alipima, akasema futi kumi kwenda chini."

"Fundi gani anampimia mtu mzima futi kumi?"

"Si la mtu mmoja, Baba Mdogo," nikamtuliza. "Ni la nyumba nzima."

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la mbao. Watu waliokuwa karibu nami wakasogea mbali kidogo, wakimshika mkono. Na mimi huku juu nikaanza kuhisi kwamba kuna jambo kuhusu choo changu ambalo halijaeleweka.

Hatukuwa na muda wa kulieleza. Kipaza sauti cha msikiti kikakoroma, ikasomwa tanzia: Innalillahi wainna ilaihi rajiun, kuna msiba barabara yetu, maziko yatatangazwa. Nikamwinamia mwenye kofia aliyekuwa karibu, nikamuuliza nani amefariki. Akanitazama kwa namna ambayo watu humtazama mgonjwa wa akili mwenye kamba mkononi.

Ng'ambo ya barabara, tanzia hiyo hiyo ilimwamsha Shangazi.

Alikuwa amelala tangu alfajiri. Alisikia "msiba" na "barabara yetu", hakungoja zaidi. Mwanamke wa Ngamiani hasubiri maelezo ya msiba. Huvaa kwanza, maelezo atayakuta. Akajifunga kanga mbili, akachukua noti moja kutoka chini ya mto akaifunga pembeni ya kanga kwa rambirambi, akavuka barabara. Alipoona watu wamejaa kwenye baraza ya nyumba yake mwenyewe akaanza kulia kabla ya kufika, maana alidhani ni mimi nimeanguka juu ya paa. Alikuja kuniambia hivyo baadaye, akaongeza kuwa hakushangaa.

Akaingia uani, akamkumbatia mwanamke wa kwanza aliyemkuta, wakalia pamoja kwa muda mzuri tu, begani kwa begani.

"Kafa nani, mwenzangu?"

"Bi mkubwa wa nyumba hii," mwenzake akasema kwa kwikwi.

Shangazi akanyamaza. Akajitoa mikononi mwake.

"Bi mkubwa wa nyumba hii ni miye."

Yule mama akainua uso, akamwona. Sauti aliyoitoa haikuwa neno. Uani mzima ukageuka. Kuna waliosema Bismillahi, kuna waliosema mama yangu, na kuna aliyepita kwenye dirisha ambalo lilikuwa bado halina fremu, kwa bahati yake. Fundi, ambaye bado ananing'inia na sasa anasikia mayowe asiyoweza kuyaona, akarusha mguu kutafuta ukuta, akakosa, akapiga turubai kwa teke kutoka chini, pale pale kwenye tumbo la maji. Kamba ikaniponyoka. Maji yote ya vuli yaliyotuama juu yakashuka kwa pamoja ukumbini na uani, juu ya majamvi, juu ya ubani, juu ya kanzu zilizopigwa pasi. Fundi akashuka nayo, salama, juu ya kochi la Babu.

Barabarani watu walikuwa wanakimbia kwa baiskeli ambazo si zao.

Utulivu uliporudi, waliobaki walikuwa wamelowa na hawajui kama waondoke au wapongeze. Shangazi akavuta benchi, akakaa katikati ya ukumbi usio na paa, akaagiza kila mtu arudi alipokuwa. Alitaka kujua nani alilia kweli. Mama wa kwanza akasifiwa. Jirani mmoja aliyekuwa akila kashata wakati wa msiba akaulizwa, akasema alikuwa anajizuia. Baba Mdogo akapangusa uso, akambusu mkono, kisha akanigeukia, na tukalimaliza suala la futi kumi mbele ya mashahidi, pembeni ya shimo lenyewe.

Kijana msaidizi akaletwa. Hapa ndipo palinivunja mbavu mpaka nikashika ukuta. Baada ya kujibu ile simu alikuwa ametumwa dukani kununua misumari, na aliporudi akakuta watu wanalia, akauliza, akaambiwa Bibi kafariki. Aliamini! Yeye mwenyewe, chanzo cha habari, aliamini kwamba Bibi alifariki wakati yuko dukani. Alitoa shilingi elfu tano, chenji ya misumari, na jina lake lilikuwa la nane kwenye daftari la rambirambi.

Maana daftari lilikuwepo. Msiba ukifika mtaani kwetu kuna mzee mmoja ambaye hutokea na daftari na kalamu bila kuitwa. Alikuwa amelikumbatia, halikulowa. Akasema kwa aibu kwamba fedha ni nyingi, na kwamba arudishe kwa utaratibu gani.

"Urudishe?" Shangazi akasema. "Wamekuja kunipa pole nyumba yangu haina paa. Si ndivyo?"

Watu wakaangaliana. Likapita.

Nikafungua WhatsApp. Kundi la ujenzi lilikuwa limebadilishwa jina, sasa linaitwa Msiba wa Shangazi, na mtandao haukuwa ukisumbua mtu hata mmoja. Binamu wa Muscat alikuwa ametuma kwa mchana ule mmoja zaidi ya alichochanga tangu kundi lianze. Aliyependa nyumba ya theluji alikuwa ametuma. Hata yule ambaye tulidhani amebadilisha namba alikuwa ametuma, na kuandika shairi fupi. Niliwapigia mmoja mmoja kuwaeleza. Wa Muscat alicheka, akakohoa, akasema basi fedha ile itunzwe, iwe ya khitma siku ikifika. Nikamsomea Shangazi ujumbe huo.

"Mwambie nashukuru," akasema. "Mwambie geji 28."

Na kwa kuwa wanaume walikuwa wamekuja wengi, na wameshalowa, na hawawezi kurudi kazini wakiwa hivyo, fundi aliyeteguka kiuno kidogo akawapanga kwenye kamba. Kenchi zilizobaki zilipandishwa na watu wa msibani, kanzu zimekunjwa viunoni, mzee wa daftari akihesabu moja, mbili, vuta. Sijawahi kuona kenchi zikisimama haraka vile. Nondo zikakunjwa, papi zikapigiliwa. Mchele uliokuwa umekuja kwa ajili ya pilau ya msiba ukapikwa kwenye sufuria la chama, kwa sababu lilikuwepo. Tukala barabarani. Mdogo wake Shangazi akashuka kwenye basi la Pangani katikati ya chakula, analia, akapewa sahani kabla ya maelezo.

Ndugu wa Mombasa alichelewa zaidi. Foleni ya mpakani Horohoro ilimshika. Alifika mabati yameshaanza kupigiliwa, akamkuta marehemu amesimama chini anamwelekeza fundi kwamba kofia ya paa, lile bati la kilele, imekaa kushoto. Ilikuwa imekaa kushoto kweli. Ndugu yule alikuwa amebeba marashi ya maiti na kanga mpya. Kanga Shangazi alizipokea.

Wiki kadhaa baadaye paa lilipokwisha, mvua ikanyesha, na Shangazi akazima redio aisikilize, akaja katibu wa chama cha kuzikana. Mtu nadhifu, ana mkoba. Alikubali kikombe cha chai, akatoa madaftari. La kwanza lilikuwa turubai: lina matundu ya misumari. Tukalilipia. La pili lilikuwa gumu zaidi. Siku ile, mara tu tanzia iliposomwa, chama kilitoa fungu la mazishi la mwanachama, kama katiba inavyotaka, akakabidhiwa Baba Mdogo aliyekuwa bado amekaa kwenye vumbi la mbao, naye akalikabidhi kwa fundi akidhani ndiye msimamizi wa maziko. Fundi akanunua kofia za paa. Na kwa kuwa fungu limetoka, jina la Shangazi limekatwa kwenye orodha ya walio hai.

"Nirudisheni," Shangazi akasema.

Katibu akaeleza kwamba katiba ina kifungu cha kuingia na kifungu cha kufa, kurudi haina. Akitaka kurudi itabidi aanze upya, alipe kiingilio.

"Nilipe kiingilio cha kuzikwa, na mmeshanizika?"

"Au tufute lile fungu," katibu akasema, akilainisha sauti, "fedha irudi mfukoni mwa chama, nasi tuandike kwamba ilikuwa hitilafu."

Shangazi akafikiri. Akanyanyuka, akamwongoza mpaka uani, akaonyesha juu, pale bati jipya lilipokuwa likimetameta kwenye kilele.

"Fedha yenu ile pale," akamwambia. "Imepigiliwa misumari yenye mpira, mgongoni, haikupigiliwa bondeni. Ngazi hii hapa."

Katibu akaitazama ngazi, akalitazama paa, akauliza kama kuna chai nyingine.